Mashimo Niliyoyaandika

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko wilaya ya Newala, juu ya uwanda, na hapo ndipo nitakapoishia. Ningekuwa nimejua kunyamaza hivi tangu mwanzo, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Wakati huo nilikuwa mwandishi wa gazeti la mazingira pale Masasi. Nasema gazeti, lakini lilikuwa karatasi moja kubwa iliyokunjwa ikatoa kurasa nne. Tulikuwa watu watatu katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: mimi; mhariri wetu, ambaye ni mama aliyefundisha sekondari mpaka alipostaafu; na baba mpole mwenye sauti nzito, ambaye kila Jumamosi alizisoma habari zetu kwenye redio ya jamii. Gazeti halikuuzwa. Tulilipandisha mabasi likashushwa Nanganga, likashushwa Newala, likafika mpaka kwenye maghala ya korosho, watu wakalisoma huku wakisubiri mzigo wao upimwe. Wakishalisoma walifungia vitu. Mhariri hakuona ubaya. Alisema gazeti lililofungia karanga limesomwa mara mbili.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ndiye hakuielewa kazi hii hata kidogo. Nilimweleza kwamba shirika letu halitafuti faida.

"Sasa mnatafuta nini?" akauliza.

Nikamwambia tunataka watu wayajue mazingira yao wayatunze. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kuna ofisi mpya ya kuwafundisha kuku kuchakura. Kisha akanipa kiti, maana hata mtu aliyepotea hupewa kiti kwake.

Nyuma ya shamba lake la mikorosho, katika kijiji hicho nisichokitaja, pale uwanda unapoanza kuteremka bondeni, kulikuwa na kichaka ambacho hakuna aliyewahi kukifyeka. Ndani yake kulikuwa na ming'oko. Kwa asiyeijua, ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole, inayoota yenyewe chini ya mmea unaotambaa. Unaichemsha na chumvi kidogo, unaimenya ikiwa bado ya moto. Mtu wa Kusini aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi ukimpelekea fungu moja atakukalisha mpaka jioni akikuuliza habari za kwao.

Likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia kwenye kichaka kile. Mama mkubwa alikuwa na muo, kijiti kigumu kilichochongwa ncha, ambacho kimeshikwa mpaka kikawa laini. Alituonyesha kuchimba kwa upole pembeni ya mmea, kuchukua mizizi na kukiacha kichwa chake, kisha kukirudisha kichwa shimoni ili kiote tena, kufukia na kukanyaga kwa kisigino. Kufukia yeye alikuita kufunga. Ukiondoka na shimo lako liko wazi, ulisikia sauti yake mgongoni: "Rudi. Umeacha mlango wazi." Ulirudi, hata kama ulikuwa umeshafika nyumbani na mkono uko kwenye ugali.

Basi nikaandika makala kuhusu kichaka kile. Nilieleza jinsi kinavyoushika udongo wa mteremko, jinsi wanawake wa pale walivyokilinda bila kuambiwa na mtu wa ofisi yoyote. Mhariri wetu alikuwa na neno lake alilotuambia kila siku, kwamba habari isiyo na mahali ni uvumi. Kwa hiyo nikaandika mahali. Nilitaja kijiji, nikataja duka la kushukia, nikaeleza njia ya vumbi mpaka kwenye mkorosho uliopasuka shina, kisha kulia. Nilizipenda sana sentensi zile. Ungeweza kufumba macho ukafika.

Siku ya kupanga kurasa, nafasi ikaisha. Ilibidi aya moja itoke. Mhariri akaniuliza itoke ipi, ya njia au ya mwisho. Nikasema ya mwisho. Aya ya mwisho ndiyo iliyoeleza kufunga.

Jumamosi baba wa redio akaisoma makala yote kama ilivyochapwa. Mama mkubwa alikuwa ameitundika redio yake kwenye msumari nje ya jiko na kuwaita majirani, na aliposikia maneno yake mwenyewe yanatoka mle ndani, alinipigia simu papo hapo. "Nimesikika mpaka Nanganga," akasema, na nyuma yake nikasikia wanawake wanacheka. Sikumbuki kama amewahi kuniita mwanangu kwa raha kama siku ile. Nililala mwandishi mkubwa.

Watu wakaja. Walikuja kwa bodaboda, wawili wawili, watatu watatu, na majembe na magunia. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechangamka kama watu wanaokwenda harusini, na wengine walishika gazeti mkononi wakifuata sentensi zangu. Mmoja alimsimamisha mama mkubwa barabarani, akamwamkia vizuri kabisa, shikamoo, marahaba, akamwuliza mkorosho uliopasuka ni upi. Yeye, kwa kuwa alilelewa kumwelekeza mgeni, akamwonyesha. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Hakunipigia simu. Alituma mzigo kwa basi la Newala, mfuko wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, uliofungwa kwa kamba ya katani, juu yake umeandikwa kwa mkaa: mwandishi. Niliufungua juu ya meza ya mhariri. Zilitoka nakala za gazeti letu, zimejaa udongo, nyingine zimekanyagwa na matairi. Ndani ya nakala hizo vilikuwa vimefungwa vitu vyeusi vilivyosinyaa.

"Hivi ni nini?" mhariri akauliza.

"Vichwa vya ming'oko," nikasema, nikaanza kulia kama mtoto. Mhariri alinisogezea leso yake, lakini hakusema kwamba si kosa langu. Nilimheshimu kwa hilo.

Kwenye toleo lililofuata niliandika masahihisho, mistari miwili chini ya ukurasa wa nne: mashimo yafukiwe, tunaomba radhi kwa wasomaji. Nikapanda basi nimpelekee mwenyewe. Nilimkuta anapepeta mpunga uani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kwa sababu hawezi kuacha salamu ya mtu ikaning'inia, lakini kiti hakunipa. Nikamsomea nikiwa nimesimama.

"Basi?" akauliza.

"Basi, mama mkubwa."

"Umesahihisha karatasi. Mashimo hayajui kusoma."

Akanipeleka. Sitaki kukielezea sana kichaka nilichokiona. Kilikuwa kama kimepitiwa na nguruwe pori kwa wiki nzima, udongo mwekundu umetapakaa, mimea imening'inia haina pa kushika. Alinyoosha mkono kuelekea bondeni. Mvua zikianza, akasema, kila shimo litakuwa mfereji, kichaka kitateremka chini, na shamba lake litakifuata. Kisha akarudi nyumbani, akauchukua muo wake na kuutundika juu ya mlango wa jiko, mahali ambapo mimi na ufupi wangu hatufiki. "Huu hutaushika tena," akasema. Tangu nikiwa na miaka sita nilikuwa naushika.

Nilirudi Masasi nikiwa na hasira na kila mtu: waliochimba, bodaboda, mwenye redio, karatasi yenye kurasa nne badala ya tano. Mhariri aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Masahihisho huwekwa pale pale kosa lilipotokea. Nimelifundisha hilo miaka mingi." Akainama chini ya meza akatoa mabuti ya mvua. Sikujua kama alikuwa anayaweka mle ofisini.

Jumamosi ile baba wa redio hakusoma habari. Aliongea kwa sauti yake nzito, taratibu, kama anazungumza na mtu mmoja aliyekaa naye kwenye mkeka. Akasema waliochimba ming'oko wanajijua, na mahali wanapajua, kwa hiyo yeye hatapataja. Akasema wiki ijayo siku kama hiyo waandishi wenyewe watakuwa pale kufunga mashimo, na anayetaka kula ming'oko mwakani aje na jembe bila gunia.

Tulidhani tutakuwa watatu. Asubuhi ya siku hiyo upepo wa Newala ulikuwa unapuliza hasa, mhariri amejifunga kanga mbili juu ya sweta, na kabla hatujamaliza kunywa chai bodaboda ya kwanza ikaingia. Ikafuata nyingine. Hawakuja wote, wala sikutegemea, lakini walikuja wa kutosha, na mmoja wao alikuwa yule aliyeuliza njia. Alimwamkia mama mkubwa huku anaangalia viatu vyake. Mama mkubwa akaitika, akamkabidhi jembe.

Siku ile nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mama mkubwa aligeuza ndoo, akaikalia katikati ya kichaka, na hakuna shimo lililopita bila yeye kulikagua. Mhariri, aliyewasahihisha watoto wa watu kwa wino mwekundu maisha yake yote, alirudishwa mara mbili kwenye shimo lile lile. "Mwalimu, mlango wazi," mama mkubwa alimwambia, na mwalimu akarudi bila kubisha. Baba wa redio alionekana hajawahi kushika jembe tangu azaliwe, kwa hiyo akapewa kazi ya kupita akiokota vichwa ambavyo bado vilikuwa na uhai, na alivipa moyo kimoja kimoja kwa sauti ile ile ya matangazo. Mimi niliruhusiwa kufukia kwa mikono. Nilitazama mara moja juu ya mlango wa jiko nilipokwenda kunywa maji. Muo ulikuwa pale pale.

Jioni tulipokuwa tunanawa, nilimwuliza kama naweza kuandika kuhusu siku ile. Alikung'uta maji mikononi.

"Andika namna ya kufunga," akasema. "Anza nayo. Hayo mengine kama nafasi itaisha, yaishe."

Nikaandika hivyo. Kijiji hakikutajwa, duka halikutajwa, mkorosho haukutajwa. Mhariri alisoma, akafika mwisho, nikasubiri aniambie kuhusu uvumi. Akachukua kalamu akafuta neno "mteremko" ambalo lilikuwa limenitoroka. "Wajanja watajua," akasema.

Makala ile ilitembea kuliko zote nilizowahi kuandika. Baba wa redio aliombwa airudie mara kadhaa. Stendi ya Masasi, ambako wanawake huuza ming'oko iliyochemshwa kwenye masinia, wateja walianza kuwauliza, "Umefunga?" Mwanzoni ulikuwa utani tu. Baadaye niliwasikia wauzaji wenyewe wakiwahi kusema, kabla ya kuulizwa, kwamba yao imechimbwa na mtu anayefunga. Sitadai kwamba wote walisema kweli. Lakini mtu anayedanganya kuhusu jambo fulani ameshajua kuwa watu wanalijali, na mimi hilo lilinitosha kuendelea na kazi.

Mvua zilipoanza sikulala vizuri. Kila ilipopiga bati la chumba changu Masasi niliwaza ule udongo mwekundu. Katikati ya msimu simu ikalia. "Njoo na sweta," mama mkubwa akasema, akakata.

Kichaka kilikuwepo. Kuna kipande upande wa chini kilichokuwa kimeondoka na maji, kama upana wa vyumba viwili, na hakijarudi hadi leo. Lakini kwingine kote mimea ilikuwa inapanda, myembamba, ya kijani kibichi, inatafuta pa kujishikia. Nilimshika mkono, naye akaniacha niushike kwa muda kabla ya kukumbuka kwamba ana maharage motoni. Kiti nikapewa. Muo ulibaki juu.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda kumsalimia nikamkuta amesimama kwenye kigoda, anauteremsha. Tukapita shamba la mikorosho, tukapita kile kichaka bila kuingia. "Hicho kipumzike," akasema. Tukaendelea kutembea njia ambayo mimi, niliyekulia pale, sikuwahi kuijua, mpaka tukafika kwenye kichaka kingine, kikubwa zaidi, kimetulia. Miaka yote ile alikuwa nacho.

Akasimama mbele yangu kabla sijaingia.

"Mtu akikuuliza umetoka wapi?"

"Kwa mama mkubwa."

"Akikuuliza ming'oko hii umeichimba wapi?"

"Ardhini, mama mkubwa."

Akacheka, akanipa muo. Nikaingia, nikachimba pembeni kama alivyonifundisha, nikarudisha kichwa, nikafukia, nikakanyaga kwa kisigino. Nilibaki nimeinama pale nikisubiri aje kukagua. Nilipogeuka, alikuwa amekaa kwenye gogo nje ya kichaka, amenipa mgongo, anajifunga kanga yake vizuri.