Dada na Folda ya Juu

Dada yangu ana mdomo, jamani. Hata kompyuta ya studio anakofanya kazi ya kupiga picha anaisema: "Wewe nawe, amka!" Skripti zake, zile amri anazozipanga mashine imfanyie kazi, anaziandika mwenyewe, na ile ya usafi ndiyo kipenzi chake. Inapanda folda moja juu, inazoa picha zote zilizomo, hata za folda za ndani yake, na kuzitia kwenye folda aliyoiita Kapu, zisubiri kufutwa.

Siku hiyo Mama alikuwa kwenye benchi la studio, mkoba mapajani, akisubiri picha moja tu: yeye na watoto wake wote pamoja. Hajawahi kuwa nayo. Tulipiga jana yake, na asubuhi Kaka mkubwa alishapanda ndege, kurudi ni mpaka Mungu apende. Dada akafungua folda ya familia. Tupu! Akatazama Kapu. Hamna.

"Bosi!" Dada akamgeukia mwenye studio. "Umegusa nini?"

"Mimi? Nimefanya usafi tu, kwa skripti yako."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, kwenye kiti."

"Sisemi kiti! Ndani ya kompyuta, ulikuwa folda gani?"

Dada akajishika kichwa. Kumbe skripti ilihesabu "juu" kuanzia folda aliyokuwemo aliyeiita, si pale inapokaa yenyewe. Yeye huiita akiwa pale pale inapokaa, ndiyo maana haikuwahi kumtia aibu.

Akaifuata folda aliyokuwemo bosi, akapanda moja juu. Kapu jingine hilo hapo, limejaa. Hapo hapo akairekebisha skripti: kwanza ijiulize inakaa wapi, ndipo ipande. Bosi akatumwa soda, akaenda bila ubishi.

Mama akaitwa kwenye skrini. Dada akairuka picha moja haraka haraka.

"Rudisha hiyo," Mama akasema.

Kamera ilikuwa imetegwa ipige yenyewe, ikamwahi Dada. Sote tumekaa vizuri, ila Dada yuko pembeni anakimbilia, mguu hewani, mdomo wazi.

"Nichapishie hii. Kubwa."

"Mama! Nimetoka vibaya!"

"Hizo nyingine zote humo kabisa. Mimi nilisema wote."

Dada akawasha printa. "Wewe nawe, amka!"