Kuku wa Kati ya Mito Miwili

Jumatano, tarehe kumi na tatu, mwezi wa tatu. Mvua ilianza kabla jogoo hajawika, ikapumzika tulipokuwa tunafunga mizigo, halafu ikarudi bila haraka, kama mtu aliyekuja kukaa.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu la siku zile. Daftari lenyewe limelowa pembeni na mistari mingine imefutika, kwa hiyo haya ninayosema nusu yanatoka humo na nusu yanatoka kichwani mwangu, na kichwa changu kiliishia darasa la saba. Nikikosea mahali, basi nimekosea, sikukusudia.

Ilikuwa siku ya pili ya safari ya miguu, kutoka ziwani upande wa Liuli, kupanda milima hadi kwetu Mbinga. Tulikuwa watatu: mama mkwe wangu, kaka yake ambaye ni mjomba wa mke wangu, na mimi niliyetumwa kuwachukua. Mke wangu alikuwa ametimiza miezi yake, mimba ya kwanza, na mama mkwe alikuwa amesema hatazaa bila yeye kuwepo. Alikuwa na sababu. Binti yake mkubwa alifariki kwa uzazi huko Songea, na yeye alifika siku ya tatu akaonyeshwa kaburi.

Tungepanda gari kama lingekuwepo. Miaka hiyo ruksa ilikuwa imeingia kila mahali, mwenye uwezo wa kununua basi ananunua, na njia yetu ilipata basi la mtu binafsi, jekundu, lina redio. Mvua zilipoanza mwenyewe akaliondoa, akalipeleka kwenye lami. Simlaumu. Gari ni lake na matope ni yetu.

Sasa lazima nieleze jambo moja, la sivyo mengine hayataeleweka. Kwao mke wangu, mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hasemi naye moja kwa moja, hali mbele yake, hampi kitu mkono kwa mkono, sembuse kumshika. Inakuwa hivyo mpaka siku atakapomtolea kuku mbele ya shahidi wa upande wa mke. Wengine siku hizo walikwisha kulegeza, hasa wale waliokaa mijini. Mama mkwe wangu hakulegeza. Mimi sikuwa nimetoa kuku bado, nilipanga nitoe mtoto akizaliwa, maana ndivyo wengi walivyofanya. Kwa hiyo mjomba ndiye aliyekuwa mdomo wetu.

Na alikuwa mdomo kweli. Mama mkwe akisema taratibu, "Mwambie apunguze mwendo," mjomba anapaza sauti, "Bwana mkwe! Unaambiwa hapa hakuna kombe la kushindania!" Nami nikimwomba aulize kama mama amechoka, anageuka na kusema, "Dada, huyu anauliza kama umezeeka." Mama mkwe anacheka kwa pua. Mimi natembea mbele, naangalia njia tu. Njia nzima nilimjua mama mkwe kwa sauti ya kandambili zake na kwa kuku aliyekuwa akilalamika ndani ya tenga kichwani mwake. Kuku huyo alikuwa mtetea mweupe, wa supu ya mzazi.

Asubuhi ile tuliteremka kwenye bonde lenye vijito viwili vinavyokutana chini kidogo. Katikati yake pana ulimi wa ardhi, shamba la mahindi la mtu, na dungu la kulindia ngedere. Zamani vijito vyote viwili vilikuwa na madaraja ya magogo, kijiji kilitoka siku moja kwa wiki kuyatengeneza. Siku hizo kila mtu alikuwa na lake. Kijito cha kwanza kilikuwa kimebaki na gogo moja. Nikavuka mimi, akavuka mama mkwe kwa kukaa na kujisogeza. Mjomba alikuwa amebaki nyuma kujisaidia. Alipotoka kichakani anafunga mkanda, maji yaliongezeka, sijui yalitoka wapi, gogo likanyanyuka upande mmoja, likazunguka, likaenda.

Mjomba alisimama ng'ambo ameshika kiuno. Akapiga kelele, "Sasa mtaongeaje?"

Nilikimbilia kijito cha pili. Kwa kawaida hicho unakivuka bila kuvua viatu. Nilipoingia maji yalinifika pajani, yanavuta, mawe ya chini yanateleza. Mimi peke yangu ningepita. Mama mkwe, mfupi vile na mwenye goti bovu, asingepita bila kushikwa mkono. Nikarudi nikaketi kwenye jiwe, nimelipa dungu mgongo, mwavuli wangu wa mitumba umevunjika vijiti viwili. Yeye aliingia dunguni. Tulikuwa na nafasi ndogo kuliko ua wa kanisa, maji huku, maji kule, mvua juu, na kati yetu hatua labda kumi ambazo sikuruhusiwa kuzipiga.

Nilingoja maji yapungue. Nilifikiri mvua ikikatika watu wa shamba watakuja, atapatikana mwanamke wa kumshika. Mvua haikukatika na hakuja mtu. Mahindi yalilala, yakainuka, yakalala. Mikono yangu ilikuwa imekunjamana kama ya mfua nguo.

Halafu nikasikia mama mkwe anasema na kuku.

"Wewe kuku," alisema, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia, "humu dunguni mna nafasi ya watu watatu. Lakini watu wengine wanapenda kuloa."

Nikakohoa kuonyesha nimesikia. Sikuingia.

Baada ya muda mtetea akatokea miguuni pangu, amefungwa kamba mguuni, kamba inaburuta. Nikafikiri ametoroka. Nikamgeuza polepole, nikamswaga arudi dunguni, na niseme ukweli, nilijisifu kwa adabu ile.

Kisha nikasikia: "Kuku, mimi nilidhani waliofika darasa la saba wanafundishwa kufikiri."

Kuku akaja tena. Safari hii alisukumwa, niliona mkono. Ng'ambo, mjomba alikuwa amepanda juu ya jiwe, anapigapiga viwiko vyake kama mabawa na kuninyooshea kidole, kisha anajinyooshea mwenyewe jichoni. Ndipo nilipoelewa. Shahidi alikuwepo. Kuku alikuwepo. Nimchukue, nimtolee mama mkwe, kizuizi kiishe, nimshike mkono tuvuke.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika kwa haki, hata kama haki yenyewe inanigeukia. Nilielewa, lakini sikufanya. Nilimshika yule kuku mapajani, nikamfunika kwa koti, nikakaa. Niliwaza: kuku ni wake. Amemfuga mwenyewe, amembeba mwenyewe milima yote hii. Nikimtolea kuku wake mwenyewe nitakuwa nimetoa nini? Siku moja mtu atasema, yule alioa kwa ujanja, alimheshimu mkwewe kwa mali ya mkwewe. Niliogopa hilo. Labda pia niliogopa kumgusa tu, na hayo ya haki nikayatafuta baadaye kichwani. Mpaka leo sijui kipi kilikuwa kipi. Ninachojua ni kwamba nilikaa, na muda nao haukukaa. Mjomba ng'ambo alichoka kuwa kuku, akachuchumaa.

Mama mkwe alitoka dunguni. Sikugeuka, lakini kandambili zilifika hadi nyuma yangu zikasimama. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa na utani.

"Kuku," alisema. "Mwambie huyo aliyekushika. Kule Songea nilifika siku ya tatu."

Nilisimama. Nikageuka huku nimeinamisha kichwa, nikapiga goti kwenye matope, nikanyoosha mikono miwili yenye kuku. Nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema, akampokea.

Ng'ambo mjomba aliruka juu. "Nimeona! Nimeona mimi! Mkwe ametoa kuku! Mnono huyo! Sasa nendeni, mwanamke hasubiri!" Akatupungia, akaondoka kufuata kijito kwenda juu kutafuta kivuko. Alitufikia kesho yake.

Kijitoni nilimshika mkono. Ulikuwa mdogo na mgumu kama mpini, na ulinibana kuliko nilivyoubana. Katikati mguu wake uliteleza, akanikumbatia kiunoni, tukasimama hivyo tukiyumba, kuku anapiga kelele tengani kichwani mwake. Nilikuwa nimemwogopa mama huyu mwaka mzima na nusu. Tukatoka upande wa pili tumelowa hadi kifuani, yeye akakamua kanga yake, akasema, moja kwa moja, kwangu mimi, neno lake la kwanza ukiacha ile marahaba: "Haya, baba, twende."

Tukapanda. Nilidhani nikishavuka nitajiona nimefunguliwa, lakini njia nzima niliona kama bado niko kwenye lile jiwe. Mashamba yetu ya mashimo, yale ya ngoro yanayoshika maji mlimani, yalikuwa yamejaa kila tundu.

Tulifika yapata saa kumi. Nje palikuwa na wanawake wa jirani wanafua vitambaa, wakapiga vigelegele walipotuona. Mtoto alikuwa amezaliwa saa saba, wa kike. Mke wangu alikuwa mzima. Mama mkwe aliweka tenga chini akashika mlango kwa mikono miwili, akakaa hivyo kabla ya kuingia.

Nilisikia mke wangu ndani. "Mama, nilikuita sana. Mbona umechelewa?"

Saa saba mimi nilikuwa kwenye jiwe, na kuku wake ndani ya koti. Nilijua mama mkwe anachoweza kujibu, kwamba ni mimi niliyemchelewesha, na kingekuwa kweli.

"Mto ulijaa, mwanangu," alisema mama mkwe. "Mto ulijaa tu."

Nilikuwa nimesimama nje kwenye dirisha. Ningeweza kuingia nikasema lililobaki. Nilikwenda kupasua kuni.

Jioni jirani alimchinja yule mtetea. Mzazi alikunywa supu na kula paja. Sisi wengine tulikula ugali wa mahindi, maharage, na usipa, dagaa wa ziwani ambao mama mkwe aliwabeba chini ya tenga wakaloa nao. Sahani yangu ililetwa nje barazani. Nilipofunua, juu ya ugali palikuwa na firigisi, nzima, kipande anachopewa mwanamume anayeheshimiwa nyumbani. Niliitazama mpaka ikaanza kupoa. Kisha nikaila, kwa sababu kuirudisha kungekuwa kumkatalia mama mkwe mara ya pili.