Darasa la Nne Lote

Vishikwambi arobaini vilipoletwa shuleni, mwalimu mkuu alifanya mambo matatu siku hiyo hiyo. Alipiga navyo picha. Alimwita mchoraji akaandika ukutani kwa rangi ya buluu SHULE YA KIDIJITALI, na chini yake akachora kompyuta iliyofanana na friji. Kisha akavifungia stoo vikiwa bado na nailoni zake, akatangaza kwamba mwalimu atakayevitoa na kikavunjika hata kimoja, atajua mwenyewe. Walimu hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nusu yao walikuwa wakiviogopa, na nusu nyingine walishukuru kupata kisingizio.

Mtu pekee aliyeingia stoo kila siku alikuwa mama wa usafi, kwa sababu ndoo zake zilikaa humo. Walimu walimwita Mama Ndoo, watoto walimwita bibi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepiga deki madarasa, akasugua vyoo, akabandua chingamu chini ya madawati. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tatu, mama yake alipojifungua mapacha na ikabidi apatikane mtu wa kumbeba mmoja. Kusoma alisoma, ila polepole, kidole kikitangulia na macho yakifuata.

Kumbe vile vifaa vilikuwa na umbeya wa kuzaliwa nao. Kila kimoja kilipeleka habari makao makuu ya elimu chenyewe: kimetumika dakika ngapi, mtoto gani kafika somo gani, kapata ngapi. Muhula haujaisha, barua ikaja. Shule ile ilikuwa na dakika sifuri. Isipojirekebisha, vifaa vitachukuliwa vipewe wenye kuvitaka.

Mimi na wewe tungefungua mlango wa stoo, tukawaita watoto. Mwalimu mkuu hakuwaza watoto, aliwaza ile picha yake. Akamwita Mama Ndoo.

"Mama, ukishamaliza deki mchana, uwe unakaa humu saa mbili tatu, unavibonyezabonyeza."

"Nibonyeze wapi, mwalimu?"

"Popote. Kila kimoja kina jina la mtoto wa darasa la nne. Wewe bonyeza tu. Watoto watavivunja bure, wewe una mikono ya adabu."

Mikono ya adabu! Miaka kumi na tisa ya kusugua vyoo, na mikono ile ndiyo kwanza inasifiwa.

Wiki ya kwanza alibonyeza popote kama alivyoagizwa, na kifaa kikamjibu vilevile kila mara: Jaribu tena. Somo halikusogea mpaka mtu apate nane kati ya kumi. Alikitukana kwa sauti ya chini, akakigeuza kifudifudi, akakirudia. Mwishowe aliona bora asome swali lenyewe kuliko kugombana na kioo. Akasoma. Akapata tano, akapata saba. Siku aliyopata nane, kifaa kilipiga vigelegele vya kitoto, naye akacheka peke yake kati ya ndoo na mafagio mpaka machozi yakamtoka.

Tangu hapo ukawa ni ugonjwa. Jioni nyumbani alikuwa akigawanya ukoko wa chungu kwa sehemu, robo huku na theluthi kule, na wifi yake akamwuliza, "Wifi, ukimaliza shule utaolewa tena?" Mama Ndoo akajibu kwamba akimaliza ataoa yeye.

Maksi za watoto alizigawa kwa haki, kwa jinsi alivyoijua haki. Watoto aliwajua kwa sakafu zao. Msichana wa dawati la mbele, aliyemsaidia kuinua viti bila kuombwa, alipewa tisini na mbili. Mtoto wa chingamu alikwama kwenye arobaini na moja na hakutoka hapo. Lakini kishikwambi cha arobaini kilikuwa na jina la mtoto aliyehama zamani na wazazi wake, darasa likabaki na watoto thelathini na tisa. Hicho Mama Ndoo alikifanya wa kwake. Hakukipendelea wala hakukiibia. Humo alisoma kwa jasho, akaanzia la kwanza, akapanda la nne, la tano, la sita, na baada ya miezi minane alibakiwa na masomo matatu tu ya darasa la saba. Ukiyamaliza, kifaa kinatoa cheti. Hakuwahi kutaka kitu katika maisha yake kama alivyokitaka kile cheti.

Huku nje mwalimu mkuu alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa mpaka msalani. Shule ilikuwa ya kwanza kwa dakika. Alialikwa kutoa mada juu ya "mbinu za kisasa za kufundisha", akaitoa kwa saa nzima, na watu wakanakili. Kisha ikaja simu: mkaguzi anakuja kuwaona watoto kwa macho yake, hasa yule wa arobaini, aliyewapita wote.

Mwalimu mkuu alimfuata Mama Ndoo stoo, jasho likimtiririka.

"Huyo wa arobaini tutasema anaumwa. Wewe kaa kimya tu, mama. Ikijulikana, vitabebwa vyote. Ukinyamaza, utaendelea na hako kamchezo kako."

Kamchezo! Lilimkera neno lile. Lakini masomo matatu ni masomo matatu, akaitikia kwa kichwa.

Siku ilipofika, vishikwambi viligawiwa, nailoni, ambazo Mama Ndoo alibonyezea juu yake miezi yote, zikabanduliwa dakika za mwisho. Mkaguzi, kijana wa suti na viatu vya kung'aa, alisimama mbele na kifaa chake mkononi. Mama Ndoo alikuwa mlangoni na ndoo na tambara la deki, akijifanya anafuta kizingiti kilichokwisha kufutwa mara tatu.

"Haya, watoto hodari, viwasheni tuanze."

Mtoto mmoja alikigeuza nyuma akitafuta pa kufungulia. Mwingine alikipulizia. Wa tatu alikibishia hodi kwa kidole, kwa heshima, akangoja aitikiwe. Mkaguzi alisogea kwa msichana wa dawati la mbele.

"Wewe nakuona hapa, tisini na mbili. Hebu nionyeshe somo la sehemu."

Msichana alikitazama kioo cheusi. "Mimi sijawahi..."

"Nyamaza!" mwalimu mkuu alifoka. "Wavivu wakubwa nyie! Nimewafundisha mwaka mzima, leo mnaniaibisha mbele ya mgeni? Simama! Wote waliopata zaidi ya themanini, simameni, mikono juu!"

Watoto kumi na wanane wakasimama, mikono juu, kwa kosa la maksi ambazo hawakuzipata. Msichana akaanza kulia bila sauti. Hasira ilimpanda Mama Ndoo, tena ya miaka kumi na tisa. Alilitupa tambara ndani ya ndoo, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya kung'aa.

"Baba mkaguzi, samahani. Hao watoto hawana kosa, hawajawahi kuvigusa. Darasa la nne lote ni mimi."

Mkaguzi alicheka. Mwalimu mkuu alicheka zaidi, cheko la mtu anayezama. Mama Ndoo hakucheka. Alikwenda kwenye meza ya mwalimu, akakichukua cha arobaini, akakiwasha, akafungua somo la asilimia, akajibu maswali kumi huku mkaguzi akihesabu kwa midomo. Kumi kati ya kumi. Vigelegele vya kitoto vikalia darasa zima.

"Bibi," mtoto wa chingamu aliita kutoka nyuma, "kwa hiyo ile arobaini na moja ni wewe ulinipa?"

"Umejipa mwenyewe. Inama uangalie chini ya dawati lako."

Mkaguzi hakuwa na nafasi ya kucheka tena. Yeye ndiye aliyeisifu shule ile makao makuu, na uongo wa mwalimu mkuu ulikwisha kuvaa suti yake. Alipapasa kifaa chake, akasema takwimu zimechafuliwa na lazima zianze upya. Akabonyeza mara moja. Vioo arobaini vikarudi sifuri. Miezi minane, cheti na yale masomo matatu, vyote vikaenda kwa kidole kimoja, wala hakumwangalia usoni alipokuwa akifanya hivyo. Ilimuuma Mama Ndoo kama kufiwa.

"Sasa watoto waanze kweli," mkaguzi alisema. "Mwalimu, endelea."

Mwalimu mkuu alikishika kimoja. Alibonyeza pembeni, sauti ikapanda. Akabonyeza tena, ikashuka. Akamtazama mwalimu wa darasa, ambaye aliangalia dirishani kwa bidii.

"Bibi," msichana akanong'ona akifuta pua, "hiki kinawashwa wapi?"

Mama Ndoo alimwonyesha. Kisha jirani yake, kisha safu yote, akipita dawati kwa dawati, na saa moja baadaye darasa lilikuwa likipiga kelele za watu wanaosoma.

Mkaguzi alikaa pembeni akijaza fomu. Mama Ndoo, alipopita nyuma yake, alisoma juu ya bega lake. Walimu waliofuzu: hakuna. Wanafunzi: thelathini na tisa. Vifaa vya kufundishia vinavyofanya kazi: vishikwambi arobaini, chaja thelathini, mama wa usafi mmoja.

Aliisoma mara ya pili, kidole hakikutangulia.

"Mimi kifaa?"

"Mama, fomu haina pengine pa kukuweka. Mwalimu si mwalimu, mwanafunzi si mwanafunzi..."

"Nipe kalamu."

Alimpa, labda kwa sababu ya ile sauti. Mama Ndoo aliinama, akamkata mama wa usafi mmoja kwa mstari mnyoofu, akapanda juu kwenye wanafunzi, akafuta thelathini na tisa, akaandika arobaini. Kisha akaenda kukaa dawati la nyuma, kando ya mtoto wa chingamu, akakiwasha kishikwambi, akaanza darasa la kwanza.