Ubishi wa Kadi ya Mesake

Suruj Bali aliondoka Tavua, mji wa kwao visiwani, akiwa bado kijana wa kutafutwa na timu mbili, akaenda Brisbane kutengeneza mabasi, na katika miaka yote ya huko kitu alichokitamani zaidi hakikuwa mto wa kwao wala harufu ya muwa ukiungua. Alitamani kubishana. Wenzake wa kazini walikuwa watu wema, ila ukiwaambia refa kakosea walijibu "huenda," wakarudi kwenye chai yao. Moyo wake ulibaki kwenye banda la nyuma ya gereji ya Inosi, walikokaa mashabiki wa timu ya Nasivi kila Jumapili kunywa yangona, kinywaji cha mizizi ya kutwanga, na kuichambua mechi kipande kwa kipande. Hapo ndipo yeye na Inosi waliwahi kununiana karibu mwezi mzima kwa sababu ya mpira wa kurusha.

Mwaka huu likizo yake iliangukia wiki ya nusu fainali. Alikwenda uwanjani na kofia mpya, akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Nasivi walishinda bao moja, lakini kipindi cha pili beki wao wa kati, Mesake, aliteleza kwenye nyasi zenye maji, akamgonga mshambuliaji wa wageni na mpira kwa wakati mmoja. Refa akatoa kadi nyekundu. Mesake alitoka akiwa ameinamisha kichwa, na watu wakarudi nyumbani na furaha iliyoingia mchanga.

Kesho yake mchana walikutana bandani. Katibu wa timu alikuwa amewaambia kwamba atafuata watakachoamua, maana wao ndio waliofua jezi na kuwalisha wachezaji msimu mzima. Wasipokata rufaa, Mesake angekosa fainali tu. Wakikata na ikatupwa, angekosa fainali pamoja na mechi mbili za mwanzo wa ligi.

Suruj alitandikiwa mkeka mpya kwenye upande wa heshima. Inosi, ambaye tumbo lilikuwa limemtangulia na ndevu zimekuwa nyeupe, alikoroga yangona kwenye bakuli la mbao, akachota kwa kifuu, na kata ya kwanza ikaenda kwa Suruj. Akapiga kofi moja, akainywa yote, ulimi ukafa ganzi, wenzake wakampigia makofi matatu kama ilivyo desturi.

"Haya, kaka Suruj," alisema Hirdesh, dereva wa trekta, mdogo kuliko wote. "Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema tukate rufaa. Mesake aliugusa mpira kwanza. Mimi nimeona."

Akasubiri. Alijua kitakachofuata: Inosi atacheka kwa dharau, Mwalimu Dharmen atavua miwani aanze kufundisha, mtu atamtukania macho yake.

"Ni kweli," alisema Mwalimu Dharmen, aliyewasomesha nusu yao na bado aliongea kama yuko mbele ya ubao. "Kaka ameona vizuri."

"Tukate," alisema Inosi, akachota kata nyingine.

"Tukate," wakaitikia wengine.

Jambo likaisha hivyo hivyo. Wakaanza kumwuliza habari za Brisbane, kama nyama ni ghali, kama baridi inafika kwenye mifupa. Suruj alijibu kwa mkato, bado akisubiri wa kumpinga. Akaomba aende kunawa uso.

Bomba lilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati. Kabla hajalifungua akasikia sauti ya Inosi, na hii ndiyo ilikuwa sauti yake yenyewe.

"Aliugusa mpira kwanza wapi? Daluga ilikuwa juu ya ugoko wa yule kijana. Hata mimi ningempa nyekundu, na Mesake ni mtoto wa dada yangu."

"Si umesema tukate?" alisema Hirdesh.

"Nimesema kwa sababu yake. Mtu katoka mbali, anaondoka Jumanne. Unataka nimharibie safari? Akishapanda ndege tutamwambia katibu aache."

"Ubaya upo wapi? Mgeni habishiwi," alisema Mwalimu Dharmen.

Suruj alibaki na mkono juu ya bomba. Neno lile, mgeni, lilimwingia polepole. Hata Brisbane, ambako hakusikia lugha ya kwao, hakujihisi yuko mbali na nyumbani kama pale, hatua chache kutoka kwenye mkeka wake. Alifikiri kuondoka kupitia nyuma ya gereji. Alifikiri kurudi na kujifanya hajasikia, wanywe, wapeane mikono. Kisha akanawa, akarudi, akaupita mkeka mpya na kukaa chini kabisa, karibu na bakuli, mahali pa mkorogaji.

"Inosi, nipishe, nikoroge mimi," alisema. "Na hilo la ugoko lirudie. Mabati yako hayazuii maneno."

Hakuna aliyemtazama. Inosi alijikuna ndevu.

"Tulikuwa tunaongea tu," alisema.

"Na mimi nimekuja kuongea. Uliona nini wewe? Ulikuwa upande wa pili, na shingo ile huigeuzi."

Halafu Inosi akavuta pumzi, na Suruj akaona jicho lake likiwaka kama zamani.

"Mimi shingo haigeuki? Na wewe? Kadi inatoka, wewe umeshika karatasi ya dengu, unamuuliza muuzaji ya pilipili iko wapi. Umeona nini, mtu wa mabasi? Umeona pilipili."

Banda zima likacheka. Mwalimu Dharmen akavua miwani. "Sheria haisemi nani kagusa mpira kwanza," alianza. "Sheria inauliza, je, mwenzako umemhatarisha? Hili nilikufundisha ukiwa darasa la tano, na hata wakati ule hukusikia."

"Mwalimu, ulikuwa unafundisha hesabu," alisema Suruj.

Wakabishana hadi bakuli likakauka, yangona nyingine ikatwangwa kinuni. Suruj alilala kwenye nyasi za nje ya banda kuonyesha mguu wa Mesake ulivyokwenda; Inosi akamlalia kuonyesha mguu wa mshambuliaji, wakashindwa kuinuka. Ila mwisho Hirdesh alisema neno ambalo halikuwa utani.

"Kaka, rufaa ikitupwa, wewe utakuwa Brisbane. Sisi ndio tutaanza ligi hatuna beki."

Neno hilo lilimuuma Suruj, na lilikuwa haki. Walipopiga kura, mkono wake ulikuwa peke yake juu, na aliuacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, huku Inosi akiuzomea. Rufaa haikukatwa. Jumanne Inosi alimpeleka uwanja wa ndege, na njia nzima wakazozana kuhusu nani acheze nafasi ya Mesake.

Fainali ilichezwa Jumamosi. Nasivi walifungwa mawili kwa moja, bao la pili likipita katikati, palepale ambapo Mesake husimama. Jumapili Suruj alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yake ya kupanga, mtaa umenyamaza, aliposikia simu.

"Usianze," alisema Inosi kabla ya salamu.

"Sijasema kitu."

"Nakujua. Unataka kusema angekuwepo Mesake."

"Angekuwepo Mesake," alisema Suruj, na kwa mbali akamsikia Mwalimu Dharmen akipaza sauti kwamba kosa lilikuwa la kipa, Hirdesh akimkatiza, Inosi akiwageukia wote wawili. Simu iliwekwa mahali pagumu, ikalia ko. Ubishi ukaendelea, ukamsahau. Kinu cha yangona kikasikika kikitwangwa, mtu akapiga kofi moja, kisha makofi matatu. Suruj aliziba mdomo wa simu kwa kiganja, asije akakohoa wakakumbuka kuikata, akaendelea kusikiliza.