Mfungo wa Samaki

Mama fundi cherehani, jirani yangu hapa sokoni Sumbawanga, hawezi kula bila kumkaribisha mtu. Akifunua hotipoti tu, sauti yake nene inatangulia: "Karibuni tule." Anamkaribisha mteja, mpita njia, hata samaki wake mwekundu wa mapambo, mwenye mapezi kama shela, anayeishi kwenye chupa ya mdomo mpana kando ya cherehani. Kila akila, chembe za ugali wa ulezi zinadondokea majini. Juzi juzi samaki akavimba tumbo, akawa anaogelea kiubavu. Aliyemuuzia akamwambia kwa simu kwamba maji yapate joto na samaki asile mpaka tumbo lishuke. Joto lilikuwa jambo dogo. Aliisogeza chupa jirani na pasi ya mkaa. Mtihani ulikuwa mfungo. Mchana alikuwa anaifunika chupa kwa kipande cha kitenge, ndipo afunue hotipoti.

"Nitakulaje mbele yake bila kumkaribisha?" aliniambia kwa kunong'ona.

Jana alipoondoa kitenge, samaki alikuwa amekaa sawa, anazunguka chupa kwa madaha.

"Karibu tule," ikamtoka, na vidole vyenye chembe ya ugali vilishafika mdomoni mwa chupa. Vikasita hapo. Kisha akamjibia samaki kwa sauti nyembamba, "Asante mama, nimeshiba," na chembe akaila mwenyewe.