Swichi ya Chumba cha Kulala

Wepukhulu alianza ufundi wa mabomba enzi ambazo bomba lilikuwa la chuma na fundi aliachiwa funguo za nyumba bila mtu kumfuata nyuma. Ametengeneza mabafu ya watu wa kila namna katika mji huu wa Nairobi, lakini chumba chake mwenyewe cha mabati, kule Sarang'ombe ndani ya Kibera, hakina bafu. Anaoga kwa karai nyuma ya pazia la gunia na hajawahi kulalamika. Maji ya karai hayana stima.

Maana alichokiogopa Wepukhulu, kuliko moto na kuliko polisi, ni maji yaliyoshikana na stima. Alimwona Kilonzo, mwenzake wa kazi, akicheka huku ameshika mfereji wa bafu. Kicheko kilikatika, lakini mkono haukuachia. Tangu siku hiyo, shawa hizi za umeme, zinazofungwa juu ya kichwa cha mtu aliye uchi na aliyelowa, hazioni kuwa maendeleo. Anaziona kama mtego uliotegwa na mtu asiye na haraka.

Na sasa mwanawe Antony alikuwa amepanga nyumba ya ghorofa huko Kabiro, Kawangware, orofa ya juu kabisa, yenye shawa ya namna hiyo hiyo. Maji moto yalitoka kama uzi. Ukifungua kidogo yanachoma, ukiongeza yanapoa, na mara nyingine shawa inakataa kuwaka kabisa. Sella, mkewe Antony, alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, akawa anachemsha maji jikoni na kuyabeba kwa sufuria hadi bafuni. Siku moja aliteleza, maji yakamwagika kando ya miguu yake. Ndipo Antony akampigia babake simu.

"Mzee, kuja uangalie hii pressure ya maji."

"Niangalie wapi? Bafuni mwa mke wako?"

"Si ni kazi tu, mzee?"

Kwao Bungoma, baba hakanyagi chumba anacholala mwanawe aliyeoa, wala hasogelei mahali mkaza mwana wake anapovulia nguo. Hakuna aliyehitaji kufundishwa hayo kwa fimbo. Nyumba zenyewe zilijengwa mbalimbali, na njia zilijua nani apite wapi. Leo watu wamepangwa kama sahani kabatini, mlango wa bafu unatazamana na kiti cha mgeni, halafu wanashangaa heshima imekwenda wapi.

Hata hivyo alikumbuka ile sufuria, akaenda. "Ya juu ya paa nitafanya mimi," alimwambia Antony. "Ya bafuni utafanya wewe, nami nitakuelekeza kutoka sebuleni."

Juu ya paa alikuta tangi limewekwa sakafuni, bila kuinuliwa hata kidogo, kwa hiyo maji hayakuwa na urefu wa kuanguka na kupata nguvu. Hilo lilikuwa la mwenye nyumba. Lakini koki ya chini ya tangi ilikuwa imefungwa nusu. Bila shaka keateka, mtunza jengo, alitaka maji yakae siku nyingi. Wepukhulu akaifungua yote, akashuka, akakaa sebuleni, mgongo wake ukielekea bafuni.

"Zima stima kwanza. Swichi iko wapi?"

"Iko bedroom. Waliovuta waya walipitia huko."

"Nenda uzime. Kisha uhakikishe umezima."

Antony alifungua kichwa cha shawa. Maji ya kisima cha plotini yalikuwa na chumvi, na ile chumvi ilikuwa imeganda kwenye matundu na kwenye chujio mpaka pamekuwa kama ukoko wa ugali. Wepukhulu alimwagiza akiloweke kwa siki, kisha azibue tundu moja moja kwa sindano.

"Baba," Sella alisema kutoka jikoni, "mtoto wako ameshika spana kama kijiko cha uji."

"Acha kunichomea, mama watoto."

"Kuna nyaya tatu," Wepukhulu alisema. Yeye hakucheka. "Zirudishe kama ulivyozikuta. Umerudisha zote?"

"Zote, mzee. Relax. Hii si bomu."

Antony aliporudisha stima na kufungua maji, yalishuka kama mvua ya masika, na yalikuwa moto. Sella alipiga makofi. Antony, amejaa sifa, alishuka kununua mandazi ya chai. Sella akachukua leso na ndoo yake. "Baba, samahani, wacha nioge kabla hayajaamua tena kuwa uzi."

Mlango wa bafu ukafungwa. Wepukhulu alianza kukusanya vifaa vyake upesi ili akakae ngazini, kama ilivyofaa. Chini ya koleo aliona kipande cha waya. Kilikuwa cha kijani, na ncha yake iling'aa. Kilikuwa kimekatwa muda si mrefu.

Waya wa kijani ndio unaopeleka ardhini stima iliyopotea njia. Bila huo, stima hutafuta mtu.

Bafuni Sella alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Akanyamaza ghafla.

"Woi! Antony! Huu mfereji unanichapa!"

Antony hakuwepo. Wepukhulu aliutazama mlango wa chumba cha kulala. Akaona mkono wa Kilonzo. Kisha akausukuma mlango, akapita kitanda na nguo zilizokuwa juu yake, akaizima swichi. Taa yake nyekundu ikafa.

Maji yaliendelea kumwagika, lakini hakuna sauti ya mtu.

"Mama?" aliita, na sauti haikuwa yake. "Sella, mama. Uko sawa?"

Aliisubiri ile sauti kama mtu anayesubiri hukumu.

"Niko sawa, baba." Kisha akaelewa babamkwe anaongea kutoka wapi. "Toka nje kwanza, baba. Nami nitatoka."

Antony alimkuta ngazini. Wepukhulu alifungua kiganja.

"Ah, huo? Ulikuwa mfupi, mzee, haukufika, nikaukata. Na shawa iliwaka tu bila huo."

"Iliwaka," Wepukhulu alisema. "Mke wako naye karibu awake."

Mandazi yalimponyoka Antony.

Zamani wazee wangeitwa, kondoo angechinjwa, lile jambo la chumbani lingesemwa na kuisha. Wazee hao wamelala chini ya udongo, na kwenye ghorofa hakuna hata pa kumfunga kondoo. Wepukhulu alirudi ndani. Sella alikuwa amejifungia chumba cha kulala, na bafu lilikuwa tupu. Kwa vile alikuwa amekwisha kuvuka mpaka, aliingia mwenyewe, akaunga waya mrefu wa kijani, akaukaza, akaukaza tena.

"Wacha nijaribu mimi, mzee," Antony alisema, uso umempauka.

"Simama hapo."

Alifungua maji. Mkono mmoja aliuweka chini ya mvua ile, na wa pili akaushika mfereji, kama Kilonzo alivyoushika.

"Mama," aliita. "Washa."

Nyuma ya ukuta nyayo za Sella zilisogea kwenye swichi.

"Baba, una uhakika?"

"Washa, mama."

Swichi ikalia. Wepukhulu alifumba macho. Maji yalianza kupata joto, yakazidi, yakawa moto kabisa juu ya mkono wake. Vidole vya mkono wa pili aliviondoa kutoka kwenye mfereji, kimoja kimoja, na vyote vikaachia.