Juisi ya Athena kwenye Zulia la Mama Hodan

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi huko Stechford, nilikabidhiwa kichongeo. Mimi, niliyefundisha historia Machakos, Kenya, mpaka nikaota mvi! Nilikuwa nimemfuata mke wangu, muuguzi, hapa Birmingham, Uingereza, nikaajiriwa kama mwalimu msaidizi: kuchonga penseli, kufunga watoto kamba za viatu. Ilikuwa miaka michache kabla ya korona, na nilikuwa katika miezi sita ya majaribio. Ukikosea, unaonyeshwa mlango.

Muhula wa Wagiriki wa kale ulipofika, mwalimu wa darasa aliniambia, "Bwana Musyoka, vita na dini nakuachia wewe." Nikafufuka! Tulikata ngao za maboksi, nikawafundisha falanksi, yaani safu ya askari waliobanana bega kwa bega. Ngao ilishikwa kwa mkono wa kushoto, hivyo nusu yake ilimkinga jirani wa upande huo. Ukitoroka, unamwacha mwenzako wazi. Watoto walilishika somo hilo upesi kuliko watu wazima ninaowajua.

Kisha dini. Kabla ya kwenda vitani, Wagiriki walimwaga divai kidogo chini, sehemu ya mungu. Hodan, msichana wa miaka minane, nilimchagua amwagie Athena, mungu wao wa kike wa hekima na vita, siku ya maonyesho. Halafu nikasema kama nilivyozoea kule Machakos: mkafanye mazoezi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata mama yake alinisubiri langoni. Ni Msomali aliyelelewa Eastleigh ya Nairobi, Kiswahili chake kimenyooka, na hasira zake vilevile.

"Mwalimu! Mtoto amemwaga juisi ya zabibu kwenye zulia langu jipya, mbele ya shangazi zake, akimwita Athena! Wewe mzee mzima, unanifundishia mtoto kuabudu sanamu?"

Jamani! Mwalimu mkuu, mama wa Kiingereza asiyejua Kiswahili hata cha salamu, akatoka ofisini. "Anasemaje? Nitafsirie."

Nitafsiri mashtaka yangu mwenyewe! Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni: mama anaulizia sare za shule. Nani angejua? Lakini nilimwangalia Hodan amejificha nyuma ya baibui la mama yake, nikatafsiri yote, hata "mzee mzima" sikuiacha. Nikaongeza kwamba kosa ni langu, mazoezi yale sikumwomba mzazi ruhusa.

Mama Hodan akanitazama, kisha akamgeukia mwalimu mkuu na kumwambia kwa Kiingereza safi kabisa kwamba nimetafsiri sawasawa, hakuna neno lililopotea, na kwamba mtu kama huyo wasimfukuze.

"Kumbe unakijua?" nikamwuliza.

"Nafanya kazi benki, Mwalimu. Nikikasirika ndiyo Kiswahili hutoka. Hodan atashika ngao. Kumwaga, hapana."

Haki ya Mungu, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Hodan akasimama katikati ya safu siku ya maonyesho, na muhula ulipoisha nikathibitishwa kazini.

Sasa nimestaafu. Mkiingia kazi hii, vijana, ombeni ruhusa za wazazi mapema. Nami kila nikiikumbuka asubuhi ile nashusha pumzi. Kwa kosa la juisi ningefukuzwa nikalalamika kila mahali kwamba nimeonewa. Kwa ule uongo wa sare, ambao Mama Hodan angeunasa palepale, nisingekuwa na la kusema.